Kambare Niliowachagua Kama Madume

Bwawa langu nililichimba kwenye jaruba la mke wangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu huku Bariadi wakisimulia habari ya bwawa hili wanaanzia kwenye kambare, wanacheka, wanakwenda zao, na hakuna anayesema kwamba ardhi ile haikuwa yangu. Ilikuwa yake. Jaruba lile la chini, lililo karibu na lambo, ndilo lililokuwa linashika maji kuliko mengine yote, udongo mweusi wa mbuga ambao ukiukanyaga na kandambili unabaki nayo. Mpunga wa pale ulisomesha watoto wetu. Pamba yangu ilisomesha pia, sikatai, lakini pamba ina miaka yake ya kununa, na mpunga wa mke wangu haukuwahi kununa.

Sasa utauliza, mtu mwenye akili zake anachukuaje jaruba kama hilo na kulifanya shimo. Hapo lazima nirudi kwenye ng'ombe.

Baba yangu alikuwa na zizi ambalo asubuhi likifunguliwa vumbi lake lilionekana hadi upande wa pili wa mto. Mimi nilirithi sehemu, nikaongeza kidogo, halafu nikapunguza sana. Wengine walikwenda kuwaolea vijana wangu, wengine walikwenda na ukame ule ambao ng'ombe tulikuwa tunawasimamisha kwa kuwavuta mikia, na waliobaki niliwatoa mmoja mmoja kwa sababu ambazo kila moja ilikuwa nzuri siku ile. Zizi likabaki na miti yake. Mimi nikawa bado naamka asubuhi, nachukua fimbo, nakwenda kuegemea mlango wa zizi tupu. Sikuwa nalia, msinielewe hivyo. Ni mazoea ya miguu.

Mama alinivumilia. (Mke wangu namwita mama, kama wazee wengi wa huku, na yeye ananiita mzee hata wakati sijawa mzee.) Siku moja akapita na ndoo ya maji kichwani, akasimama pembeni yangu, akaangalia ninakoangalia.

"Wamenona?" akauliza.

"Nani?"

"Hao unaowachunga."

Akaenda zake na ndoo yake wala tone halikumwagika.

Wiki hiyohiyo tukaitwa mkutano ofisi ya kata. Alikuja bibi samaki, yaani mtaalamu wa uvuvi, binti mdogo wa kutoka mkoa mwingine, akitusalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Tulimwitikia kwa heshima kwa sababu alijaribu. Akasema samaki si wa ziwani tu, samaki ni mfugo. Unamlisha, unamlinda, anazaa, unavuna. Mengine aliyosema sikuyasikia, maana neno mfugo lilishaniingia. Nilirudi nyumbani natembea haraka, na goti langu la kushoto, ambalo huwa linalalamika tangu nilipokanyagwa na fahali ujanani, siku hiyo lilinyamaza kabisa.

Nilimwomba mama lile jaruba wiki nzima, kila siku kwa namna nyingine. Siku ya kwanza nilimwomba kwa akili, siku ya pili kwa upole, siku ya tatu nilichota maji mwenyewe. Hiyo ya maji ilimtisha kuliko zote, akadhani naumwa.

"Msimu mmoja," akasema mwishowe. "Nakuazima, sikupi. Ukinivulia sato anayeziba sahani, tutaongea. Ukishindwa, nafukia, natia mpunga wangu."

Akaniletea na sahani yenyewe niione, ile ya bati ya kupakulia wageni, ili baadaye nisije nikaleta kisahani cha chai.

Tulichimba baada ya mpunga kuvunwa. Majirani walikuja na majembe, tukaimba kama tunavyoimba tukilimiana mashamba, na mama akawapikia. Vifaranga nilivifuata Dutwa kwa baiskeli, ndoo nimeifunga nyuma kwa mpira. Vifaranga ndivyo wanavyoviita hao samaki wachanga, kana kwamba mama yao ana mbawa. Nikawalisha pumba, nikawalisha mashudu ya pamba, na ili maji yapate rangi ya kijani nikaambiwa nitie samadi. Samadi. Mimi, mtoto wa yule mwenye vumbi lililoonekana ng'ambo ya mto, nikawa napita kwa majirani na debe kuomba mavi ya ng'ombe. Nao walinipa kwa furaha mno, jambo ambalo sikulipenda.

Lakini wakazaa. Sijaona kiumbe kinachozaa kama sato. Jike anawabeba watoto mdomoni, ukitupa kivuli chako kwenye maji unaona wanamkimbilia, anafungua mdomo, wanaingia wote kama watoto wa shule wakiona mvua. Nilikuwa nakaa kwenye tuta asubuhi nzima naangalia. Miguu ilipata mahali pa kwenda. Maji yalikuwa yanachemka samaki, ukimwaga pumba inapotea kabla haijalowa, na mimi nilikuwa namwambia kila anayepita kwamba bado kidogo nitakosa pa kuwaweka.

Msimu ulipoisha tukavuta wavu. Ukaja mzito, nikasema kimoyomoyo, nimepona. Tulipoutandaza kwenye nyasi, walikuwa wamejaa tele, wanarukaruka, na hakuna hata mmoja aliyezidi kidole gumba. Mama akampasua mmoja kwa ukucha akakuta ana mayai. Huyo mwenye ukubwa wa gumba alikuwa mama mtu mzima.

"Mzee," akasema, "umefuga dagaa."

"Ni sato hawa."

"Naona. Ni sato wa kuanika."

Akawapanga kwenye sahani yake mmoja mmoja, kichwa huku, mkia kule. Kumi na wanne, na maua ya sahani bado yanaonekana katikati.

Hapo angeweza kufukia. Ilikuwa haki yake. Mwaka ule mpunga wake aliupanda jaruba la juu, ambalo maji yake yanakimbia kama yanadaiwa, na mavuno yakawa machache. Nilimwona anaupepeta uani, kimya. Mama akisema, mambo ni mazuri. Mama akipepeta kimya, mtu mzima unatafuta pa kwenda. Nikamfuata nikamwambia nipe mpaka mvua za kwanza za kulimia, nikishindwa nitafukia mwenyewe kwa mikono yangu. Aliendelea kupepeta mpaka akamaliza ungo ule, ndipo akasema, "Mpaka mvua za kwanza." Wala hakuniangalia.

Ndiyo nikaogopa sasa. Watu wanafikiri niliogopa kuchekwa. Kuchekwa nimezoea. Niliogopa ile asubuhi ya kuamka, kuchukua fimbo, na kukosa pa kuipeleka, na wakati huohuo niliona haya kwa ule ungo. Mambo hayo mawili hayakai vizuri kifuani pamoja, na yalikaa.

Nikamwita bibi samaki. Akaja kwa pikipiki, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini bila kusita, nikampenda kwa hilo. Akachota kwa ndoo, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Babu, hapa hujakosa chakula," akasema. "Umekosa adui."

"Adui nimekosaje? Nina ndege, nina kenge, nina majirani."

"Wa humo ndani. Hawa wanazaana kuliko maji yanavyoweza kuwakuza. Wote wanakula, hakuna anayeshiba. Tia kambare. Wachache, wa kuhesabu kwa vidole. Watakula hawa watoto, wakubwa watapata nafasi, watanenepa."

"Kambare."

"Lakini wadogo, babu. Kama hiki." Akaninyooshea kidole chake cha mwisho. "Wawe wadogo kuliko sato wazazi. Wakue nao pamoja. Ukiweka mkubwa, hachagui mtoto wala mzazi."

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kuna watu wanasema mzee yule sikio lake la kulia ni bovu. Ni bovu kweli, lakini binti alisimama upande wa kushoto.

Mama alikuwa juu ya tuta anasikiliza. Mke wangu ni Msabato, na Wasabato hawali samaki asiye na magamba. Mimi ni Mkatoliki wa kusuasua, nakula kinachowekwa mezani. Kwa miaka yote hiyo kambare hakuwahi kuingia jikoni kwake hata kwa kupita.

"Kwa hiyo," akaniambia bibi samaki alipoondoka, "unataka kutia kwenye jaruba langu mnyama nisiyemla."

"Hutamla. Atakula kwa niaba yako."

"Atakula nini?"

"Watoto wa sato."

"Na wewe utakula nini?"

"Sato."

"Na huyo kambare atakayeshiba, ataliwa na nani?"

"Nitamla mimi."

"Kwa sufuria gani?"



Shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mama, anakaa Kalemela kule ziwani, analima na kuvua. Nikampigia simu nikamwambia nahitaji kambare watano, hai, wadogo kama kidole. Akasema njoo. Nikapanda basi. Nilikuta amenipangia vizuri: beseni lenye vikambare vidogo vimelala chini vinatikisa ndevu, na pembeni, kwenye dimbwi alilolizungushia matete, alikuwa na kambare wengine, wakubwa, wa kuuza.

Niliinama kwenye beseni, nikaviangalia vile vidogo. Nataka kusema ukweli wangu hapa. Moyo ulikataa. Mimi nimechagua madume ya zizi tangu sijaota ndevu. Msukuma akitafuta nzagamba, yaani dume la kusimamia kundi, hamwangalii ndama. Anaangalia shingo, anaangalia nundu, anaangalia anavyosimama, anamzunguka mara tatu, anauliza habari za mama yake kama alikuwa na maziwa. Dume ndilo kundi. Ukikosea dume umekosea miaka. Sasa leo nirudi Bariadi na vitu vitano vinavyotosha kwenye kikombe, niseme hawa ndio watakaonisimamishia mifugo, na mvua za kwanza zinakuja. Binti yule, nikasema, anajua samaki, lakini kundi hajawahi kuwa nalo.

Nikaacha beseni, nikaenda kwenye dimbwi.

"Shemeji," akasema shemeji, "si ulisema wadogo?"

"Nilisema. Hebu mtoe yule mwenye kichwa kipana."

Akamtoa. Mkono mzima, mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia mgeuze. Akamgeuza. Nikamwangalia shingo, ingawa kambare hana shingo. Nikamzunguka.

"Unachagua samaki au unachagua dume?" akauliza shemeji.

"Mama yake alikuwa wa namna gani?"

"Mama yake nilimla Jumanne. Alikuwa mtamu."

"Nifungie huyu. Na yule mweusi. Na yule anayepiga mkia. Na wale wawili wa pembeni."

"Dada anajua unaleta hawa?"

"Dada yako anajua naleta kambare."

Alinitazama sana, halafu akaanza kucheka kwa tumbo, bila sauti, kama wanavyocheka kwao wote. Angeweza kunizuia. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunizuia, akasema mtu akija kwako kuchagua dume unamsaidia kushika kamba, humfundishi.

Kambare ni mvumilivu wa nje ya maji. Tuliwatia kwenye gunia lililolowa, nikalimwagia maji Lamadi, nikalimwagia tena njiani, na kila gunia lilipotikisika mwanamke mmoja aliyekaa karibu nami kwenye basi alisogeza miguu yake kidogo zaidi, mpaka tulipofika Bariadi alikuwa amekaa upande kabisa anaangalia dirishani. Nikawatupa bwawani jioni ile jua likiwa bado lipo. Walizama bila kelele. Hata mawimbi hawakuacha.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Wale gumba wakaanza kupungua, maji yakatulia, unamwona sato mmoja mmoja badala ya ule mchemko. Nikawa napita kwa watu tena, safari hii bila debe. Nilimweleza hata katekista habari za nzagamba wa majini, akanisikiliza kwa subira aliyofundishwa.

"Wamepungua," mama akasema siku moja.

"Ndiyo kazi iliyowaleta."

Siku nyingine akaja kusimama kwenye tuta, akanikuta namwaga pumba. Halafu akasema, "Mzee, pumba inaelea."

"Itazama."

"Jana ilielea. Ile kule kwenye kona ni ya juzi."

Nikaangalia. Ilikuwa ya juzi kweli, imeota ukungu.

Nilimwita bibi samaki kwa aibu, nikimwambia aje kunisalimia tu. Alipofika, tukiwa tumesimama pale tunaongea mambo ya afya, akaibuka mmoja katikati ya bwawa kuvuta hewa, kama wanavyofanya kambare. Kichwa kilikuwa kama soli ya kiatu cha mwanajeshi. Akafungua mdomo, akaufunga, akarudi chini taratibu, hana haraka na mtu.

Binti aliacha habari za afya. Akanitazama.

"Babu, nilisema kidole."

"Nilikumbuka."

"Sasa?"

"Nilichagua kama dume la ng'ombe."

Alijizuia kwa heshima kadiri alivyoweza, halafu akakaa chini kwenye tuta na suruali yake safi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Mimi nilisubiri. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, kama anayempa mgonjwa majibu, "Babu, dume la ng'ombe halili ndama."

Nimeishi na ng'ombe maisha yangu yote na jambo hilo sikuwahi kuambiwa, kwa sababu hapakuwa na haja.

Akasema kilichobaki ni kusubiri. Wale sato waliokuwa wazazi wa kwanza, waliokuja na ndoo ya Dutwa, pengine baadhi waliukwepa wavu wetu wa kwanza na walishakuwa wapana kupita midomo ya kambare. Kama wapo, watakuwa wanakula peke yao. Kama hawapo, nina bwawa la kambare watano na jaruba la watu. Hakusema hivyo hasa, la mwisho nimeongeza mimi, lakini ndilo tulilokuwa tunaliwaza wote wawili.

Mvua za kwanza zilikuja mapema. Ziliwahi kama mgeni anayefika watu wakiwa bado wanafagia. Ilinyesha asubuhi, kubwa, maji yakapita juu ya tuta, yakateremka kila mahali. Ilipokatika nikasikia mama ananiita kutoka jaruba la juu, ambako alikuwa amekwenda kuangalia kitalu chake cha miche. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeita jirani kuja kuchukua mbuzi wake.

"Mzee, njoo umchukue mfugo wako. Amevunja zizi."

Nikamkuta amesimama na jembe, na mbele yake, katikati ya miche, kambare mmoja anajivuta kwenye matope kwa mapezi yake kama mzee anayetafuta miwani. Alikuwa ameshapita njia nzuri, miche imelala nyuma yake mstari mzima. Mama hakumgusa, kwa imani yake, na hakumpiga, kwa sababu alisema si wake. Alikuwa anamzuia tu kwa mpini, akienda kulia anaziba kulia.

"Amefika hapa kutafuta nini?" akaniuliza.

"Chakula."

"Basi kule chini kimekwisha."

Nilivua koti, nikamviringisha, nikambeba kama mtoto. Tuliteremka wote, mimi na mama na kambare, nikamrudisha bwawani. Ahadi ilikuwa imefika.

Tulikausha bwawa siku ya tatu. Nilikata tuta mwenyewe, maji yakatoka taratibu kuelekea korongoni, bibi samaki akaja na wavu wake, na mama akaja na sahani ya bati akakaa kwenye kigoda. Hakuleta kejeli siku hiyo. Aliishika ile sahani magotini kwa mikono miwili.

Wakatoka kambare kwanza, watano wote, wamenona mpaka ngozi inang'aa. Nikawatia kwenye pipa. Kisha wavu ukapita mara ya pili, ukaja mwepesi, na mimi nikaangalia pembeni, nikaangalia lambo, nikaangalia ng'ombe waliokuwa hawapo.

"Babu," akasema binti, "geuka."

Walikuwa tisa. Sato tisa, wapana, weusi mgongoni, wenye vifua. Nilimchukua mmoja kwa mikono miwili maana mmoja haukutosha, nikamlaza kwenye sahani ya mama. Kichwa kilitoka huku, mkia ukatoka kule. Ua hata moja halikuonekana.

"Ameziba," nikasema.

"Ameziba," mama akakubali.

"Na hawa wengine wanaziba."

"Naona. Bwawa zima, muda wote huo, tisa."

"Ulisema sato anayeziba sahani. Hukusema wangapi."

"Sikusema," akasema, na akafikiri. Mama ni mtu wa haki, ndiyo shida ya kuishi naye. "Nilisema tutaongea. Acha kwanza nile."

Akapika wanne. Wengine watano bibi samaki alisema tusiwaguse, tukawaweka kwenye diaba kubwa kivulini na maji ya kisima. Mama alikula polepole, akatoa mifupa akaipanga pembeni ya ugali, akanyonya kichwa, na kwa kweli sijawahi kukaa dakika ndefu kama zile, hata nikisubiri posa yangu ijibiwe kwa baba yake. Alimaliza, akanawa.

"Ni mtamu," akasema. "Sitasema uongo. Huyu ni mtamu kuliko wa sokoni."

Nikamwaga maji aliyonawia.

"Mpunga nitapanda, mzee."

"Lile la chini?"

"Lile la chini. Mwaka jana tulikula mpunga wa jaruba la juu ukaisha mapema, na mimi nilikaa kimya. Mwaka huu sikai."

Ningeweza kubishana. Nilikuwa na hoja, na zote zilikuwa nzuri, lakini nilikumbuka zile sababu za kuuza ng'ombe, ambazo nazo zilikuwa nzuri. Nikasema sawa. Iliniuma, siwezi kuficha. Asubuhi sikuchukua fimbo, nilichukua jembe nikaanza kulifukia shimo kama nilivyoahidi.

Kambare niliwapika mwenyewe nje, kwenye debe, mafiga matatu nyuma ya zizi, kwa kuwa suala la sufuria halikuwahi kupata ufumbuzi. Majirani walikula siku tatu. Mama alihamishia kigoda chake upande upepo unakotoka, akawa ananiuliza kutoka huko kama madume yameiva.

Siku ya nne ndipo aliponiambia, akiwa anachambua mchicha, kama anayesema habari za mtu mwingine: "Ile pembe ya chini kabisa, pale lambo linapovujia, mimi sipandi kitu. Panatuama maji tu."

"Najua."

"Wale watano kwenye diaba wanageuka kwa shida. Mimi nawaonea huruma."

Nikanyanyuka nikatafuta jembe. Safari hii sikuita majirani. Nilichimba peke yangu, kidogo asubuhi, kidogo jioni, goti likilalamika kwa haki. Kashimo kenyewe si kakubwa, ni kama jiko la nyumba na uani kidogo. Shemeji nilimpigia, nikamwambia mwakani sato wakishazaa nitahitaji vile vya kwenye beseni. Akasema ataviweka, ila nije na mtu wa kunishika mkono nisikaribie dimbwi.

Kazi ya mwisho ya bwawa ni kukanyaga. Unatia maji kidogo, unakanyaga udongo chini na pembeni kwa miguu mitupu, unazunguka, unazunguka, mpaka unashikana na kuwa kama chungu. Nilikuwa katika kukanyaga huko mama alipokuja kutoka kwenye jaruba lake, matope hadi magotini, mpunga wake mpya umesimama kijani nyuma yake mistari kwa mistari. Akasimama ukingoni akaniangalia mizunguko miwili.

"Unakanyaga kama kuku," akasema.

"Nakanyaga kama nilivyoelekezwa."

"Umeelekezwa, ndiyo. Tunajua unavyoelekezwa." Akateremka, akaingia. "Hili likivuja, maji yote yanakuja kwenye mpunga wangu. Mimi siwezi kulala na jirani anayevuja."

Akanishika bega kwa sababu palikuwa panateleza, mkono mzito, wa mtu aliyelima. Tukazunguka, mimi mbele, yeye nyuma, udongo unapanda kati ya vidole, watu wazima wawili wanatembea mahali pamoja hawaendi popote. Mpita njia mmoja alisimama na baiskeli yake barabarani, akatusalimia, tukamwitikia, akabaki pale kidogo, kisha akaondoka na la kwenda kusimulia.

"Umeruka hapo kwenye kona," mama akasema. "Rudi."

Nikarudi.